Ulimi wa Kobugabe

Edvina Kobugabe alikuwa na tabia ya kufumba macho kabla ya kuonja maziwa, na hakuiacha hata baada ya macho yenyewe kupoteza nuru. Waliomwona mara ya kwanza walitazamana. Kipofu anafumba nini? Mkwewe Deodatha alijiuliza hivyo hivyo mwaka wa 1949, siku ya tatu baada ya harusi, alipompelekea kyanzi, kile chombo cha mti ambacho wafugaji wa Karagwe hukamulia maziwa. Alimwona mama mkwe akishusha kope taratibu, kama mtu anayefunga mlango ili kelele za nje zisimfikie.

"Mama, ukiyaacha wazi kuna nini?" akamwuliza.

"Yakiwa wazi yanataka kufanya kazi," Kobugabe akajibu. "Hayajui kwamba yalishaachishwa."

Macho hayo yalikuwa yameachishwa kazi tangu mwaka wa 1938. Yalianza kwa kuwasha, yakatoa usaha, na dawa za majani na za misheni zikashindwa. Miaka miwili baadaye mumewe naye akafariki, akimwachia mtoto mmoja, Muhangi, na kundi la ng'ombe kwenye vilima vya majani upande wa Bugomora. Watu walisema nyumba ile imekwisha. Haikwisha.

Sababu yake ilikuwa katika desturi ya wafugaji wenyewe. Kwao mwanamke hakamui. Kukamua ni kazi ya wanaume, lakini maziwa yakishavuka kizingiti ni ya mama wa nyumba. Yeye ndiye anayeosha vyanzi, anayevifukiza kwa moshi wa majani ili maziwa yasiharibike, anayesuka siagi katika kibuyu, na anayeamua nani anywe nini. Wanaume walimjua ng'ombe kwa rangi na pembe. Kobugabe alimjua kwa kile kilichoingia ndani, na upofu haukuwa umemnyang'anya hicho. Alionja na kusema, "Haya ya Kitare, jana alilala na kiu." Wachungaji walicheka, kisha wakaenda kumwuliza aliyekuwa zamu, na kumbe kweli, kisimani hapakuwa na maji ya kutosha.

Deodatha hakujua lolote katika hayo. Alitoka Kaisho, kwa Wakatoliki waliolima migomba na kahawa, ambako maziwa yalikuwa kitu cha mgonjwa na mtoto mchanga. Wiki za kwanza alifukiza vyanzi mpaka maziwa yakawa na ladha ya mkaa.

"Mtoto wa migomba," Kobugabe alimwambia, "unanihifadhia maziwa au unayachoma?"

"Nilidhani moshi ukiwa mwingi ndiyo vizuri, Mama."

"Moshi ukizidi unaonja moshi. Ng'ombe unakuwa umemfukuza."

Alimfundisha kwa subira, akimnywesha kidogo cha huyu na kidogo cha yule, akimwuliza tofauti. Deodatha aliona maziwa ni maziwa. Alijibu kwa kubahatisha, na alipopatia, Kobugabe alijua kuwa amebahatisha.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1951 Muhangi alivuka kwenda Uganda kutafuta kazi. Ng'ombe aliwaacha chini ya uangalizi wa baba yake mdogo, Rwezaura, ambaye zizi lake lilikuwa ng'ambo ya bonde. Rwezaura alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa kucheka. Mkamuaji wake, Tumwine, alipewa kazi ya kuchunga na kukamua makundi yote mawili. Nyumbani wakabaki wanawake wawili, mmoja haoni, mwingine anaona lakini hajui anachokiona.

Asubuhi moja ya masika Tumwine alitua kyanzi mlangoni, akasema, "Ya Bihogo," akaenda zake. Bihogo alikuwa ng'ombe wa rangi nyekundu iliyokolea, na jina lake ndilo jina la rangi hiyo. Katikati ya paji alikuwa na doa jeupe. Ukoo wake ulitoka kwa baba yake Kobugabe, zawadi ya harusi, na ulisifika kwa maziwa vilima vyote vile.

Kobugabe alifumba macho, akaonja, akakitua kyanzi chini.

"Haya si ya Bihogo."

"Ni yake, Mama. Nimemwona sasa hivi zizini. Mwekundu, na doa lake, na ndama wake ubavuni."

"Umeona rangi."

"Nimeona ng'ombe."

"Umeona rangi, mwanangu."

Siku ya pili akasema vile vile. Siku ya tatu akaomba ashikwe mkono apelekwe zizini. Akapitisha kiganja shingoni mwa ng'ombe yule, akafuata pembe hadi ncha, akampulizia puani. Ng'ombe akarudi nyuma.

"Huyu simjui," alisema, "na yeye hanijui."

Tumwine alikuwa akifunga kamba. "Bibi, ni masika haya. Majani mapya yanabadili maziwa."

"Majani mapya yangebadili ya wote. Mbona ya Kitare ni yale yale?"

Tumwine akaendelea kufunga kamba, ingawa ilikuwa imeshafungika.

Deodatha hakuiona kamba. Alichoona ni mwanamke mtu mzima akimkana ng'ombe wake mbele ya watu. Kuna woga wa namna hiyo unaompata anayemtunza mzee: anapima kila neno lake, anatafuta ufa, na anayetafuta ufa huupata. Siku hiyo kisimani alikutana na Kemilembe, mke wa Rwezaura, na uchovu ukamfungua mdomo.

"Shikamoo, Mama. Nyumbani si kuzuri. Naona mama mkwe akili zinaanza kumtoka."

"Marahaba. Pole, mwanangu," Kemilembe alisema, na kutikisa kichwa. "Macho yakienda, ndivyo inavyokuwa."

Hazikupita wiki mbili wakaitwa kwenye baraza la gombolola, yaani tarafa yao. Mwami aliyekuwa akisikiliza mashauri ya eneo lile alikuwa mzee mfupi, naye mwenyewe mfugaji. Pembeni yake alikaa karani, kijana aitwaye Yustus, mwenye viatu na daftari, mtoto wa wakulima kutoka upande wa ziwani.

Rwezaura alizungumza kwa upole. Alisema hana ugomvi na shemeji yake, ana huruma tu. Mtoto wa nyumba hayupo, mama ni kipofu, na sasa akili nazo zimeondoka, anaona wezi kila mahali. Aliomba ng'ombe wote wahamie zizini kwake, na wanawake hao wawili wahamie nyuma ya nyumba yake, mpaka Muhangi atakaporudi.

"Kama atarudi," aliongeza.

Kobugabe alisimama, mkono wake begani mwa Deodatha. "Waitu," alimwambia mwami, kwa neno la heshima ya pande zile, "akili ninazo. Ng'ombe ndiye sina. Bihogo wangu yuko kwa shemeji. Aliyeko kwangu ni mwingine wa rangi ile ile."

Watu wakaguna. Rwezaura akacheka kidogo, kama mtu anayesikitika.

"Mnamsikia. Hata mkwewe mwenyewe amesema akili zinamtoka. Mwulizeni."

Mwami akamgeukia Deodatha. "Ulisema?"

Angeweza kukana. Lakini Kemilembe alikuwa amekaa pale pale, na Deodatha hakulelewa kusema uongo mbele ya watu wazima.

"Nilisema, Waitu."

Mkono uliokuwa begani mwake ukaondoka. Haukuondoka kwa nguvu. Ulinyanyuka tu, na Kobugabe akasimama peke yake, bila kushika chochote.

"Basi tusichoshane," Rwezaura alisema. "Shemeji anasema anajua kwa ulimi. Nimekuja na vyanzi viwili, kimoja cha mwekundu wa kwake na kimoja cha mwekundu wa kwangu. Aonje."

Vikaletwa. Kobugabe alifumba macho, akaonja cha kwanza, akaonja cha pili, akarudia. Watu wakaanza kukohoa.

"Sijui," alisema.

Kicheko kikapasuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mpeni na maji, huenda akayaita bia." Kobugabe akangoja wamalize.

"Vyanzi hivi vimefukizwa kwa moshi mzito wa majani nisiyoyajua. Naonja moshi. Halafu mimi mwenyewe nina hasira, mdomo wote mchungu. Yamekaa mambo mawili juu ya maziwa, Waitu, na siwezi kuyafikia. Nikisema sasa nitakuwa nimebahatisha. Nipe mpaka kesho."

"Mwizi naye huomba mpaka kesho," Rwezaura alisema.

Lakini mwami alikuwa ameinama mbele. Labda alimkumbuka mama yake. Aliamua hivi: vyanzi vitano vya nyumba moja vitaoshwa na kufukizwa kwa majani ya aina moja, karani akitazama. Kesho alfajiri ng'ombe watano watakamuliwa zizini kwa Rwezaura, karani akisimamia: Kitare, Gaju na Sina wa Kobugabe, pamoja na wekundu wawili wanaogombewa. Kobugabe ataonja. Akiwatambua wote watano, neno lake ni neno la mtu mwenye akili, na baraza litaliamini. Akikosea hata mmoja, ng'ombe wanahama siku hiyo hiyo.

Walirudi nyumbani, Kobugabe akitumia fimbo. Alasiri hiyo, Yustus akiwa amekaa juu ya gogo na daftari lake, Deodatha aliosha vyanzi vitano kwa maji ya moto, akavikausha juani, kisha akawasha majani makavu katika chungu kidogo cha udongo, akavifukiza kimoja kimoja. Alivihesabia moshi kwa pumzi, pumzi sita kila kimoja. Hakuwahi kufanya kazi yoyote kwa makini kama ile. Karani alipoondoka na vyanzi vile, Deodatha akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, nisamehe."

"Bado," alisema Kobugabe. "Nimekukasirikia. Nikisema nimekusamehe sasa hivi nitakuwa nadanganya, na kesho uongo huo nitauonja. Wewe pika. Mimi niache nikae."

Alikaa mlangoni, uso umeelekea bondeni. Deodatha alikuwa amezoea kuona watu wakimeza hasira au wakiitapika. Huyu alifanya jingine. Aliikalia, akaiangalia kama chungu kilicho motoni, bila kukichochea wala kukiinua. Ndizi zilipoiva, Kobugabe alinyosha mkono.

"Nipe. Imekwisha." Akatafuna. "Na ulichokisema kisimani si uongo wako. Uliona kibibi kinamkana ng'ombe. Mimi ningekuwa na macho yako ningesema vile vile. Kosa lako ni moja, ulisema kwa mtu mwenye masikio mengi."

"Sasa unaniamini, Mama?"

"Wewe je, unaniamini?"

Deodatha alinyamaza. Hakuwa na hakika. Alitamani sana kuamini, akajua kwamba kutamani si kuamini.

"Umefanya vizuri kunyamaza," Kobugabe alisema, akaomba chumvi.

Asubuhi ukungu ulijaa bonde lote. Walipofika kwa Rwezaura jua lilikuwa limeanza kuupasua, mwami amekaa kwenye kiti, watu wamejaa uani, na vyanzi vitano vimepangwa juu ya mkeka. Yustus alisoma daftarini: yeye mwenyewe alisimama langoni mwa zizi tangu alfajiri. Ng'ombe waliletwa mmoja mmoja hadi kwenye moto wa samadi, wakakamuliwa na Tumwine, wakaondolewa. Mweupe mmoja, wa hudhurungi mmoja, mweusi mmoja, wekundu wawili. Jumla watano.

Kobugabe alikaa mkekani. Akaomba maji, akasukutua. Akafumba macho.

Cha kwanza akakitua upesi. "Gaju." Tumwine, aliyekuwa ameweka alama zake chini ya vyombo, akaitika kwamba ndivyo.

Cha pili akakionja, akakisogeza kando bila kusema.

"Cha tatu, Sina. Amebakiza mwezi mmoja aache kutoa." Ndivyo. "Cha nne, Kitare." Ndivyo. Uani watu waliacha kusogeza miguu. Vilibaki vyanzi viwili, na hata mtoto aliweza kuona kwamba sasa kazi ni kuchagua kimoja kati ya viwili.

Kobugabe alionja cha tano. Akarudi cha pili. Akarudi tena cha tano, akapaka tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua.

"Bihogo hayumo hapa."

Rwezaura ndiye aliyecheka wa kwanza. "Si niliwaambia? Wapo wawili mbele yake, anasema hayumo."

"Hakuna wawili," Kobugabe alisema. Sauti yake haikupanda. "Cha pili na cha tano ni ng'ombe mmoja, huyo mlioniletea. Cha pili ni maziwa ya mwanzo wa kukamua, mepesi. Cha tano ni ya mwisho, yale yanayobaki ndani ya kiwele, yamejaa mafuta. Mlimkamua nusu, mkamzungusha nyuma ya zizi, mkamleta tena."

"Nimeona ng'ombe watano," Yustus alisema, shingo imemvimba. "Nimeandika."

"Mwanangu karani, uliona pembe zao, au rangi zao?"

Yustus alifungua daftari. Alilitazama kana kwamba jibu limo humo. Palikuwa na ukungu, palikuwa na moshi wa samadi. Alikuja mwekundu, akaondoka, baadaye akaja mwekundu.

"Rangi," alisema.

"Maneno ya kitoto haya," alisema Rwezaura. "Waitu, nani atathibitisha ladha?"

"Nyamazeni kidogo," Kobugabe akasema.

Walinyamaza, hata mwami. Mwanzoni Deodatha hakusikia chochote ila ndege. Kisha, kutoka chini bondeni ambako ukungu ulikuwa bado mzito, ikaja sauti nyembamba ya ndama, ikakatika, ikaja tena.

"Ndama wote wa zizi hili wameshanyonya, ni saa mbili sasa," Kobugabe alisema. "Yule anayelia njaa ni wa nani?"

Mwami hakungoja. Alimtuma karani na wazee wawili. Wakati wakishuka, hakuna aliyemtazama Rwezaura, na yeye hakumtazama mtu. Walirudi wakimswaga ng'ombe mwekundu mwenye doa la paji, aliyekuwa amefungwa kwenye kichaka pamoja na ndama wake aliyetiwa kamba mdomoni asinyonye. Kiwele kilikuwa kimejaa hadi kinang'aa, na kila hatua maziwa yalidondoka yenyewe kwenye majani.

"Huyu hakukamuliwa leo," mwami alisema. "Tumwine."

Tumwine alitazama miguu yake. "Ni Bihogo, Waitu. Tulimbadilisha mwanzoni mwa masika, yeye na ndama wake. Nilikuwa naagizwa."

Kilichofuata watu wa kule walikisimulia miaka mingi. Kemilembe ndiye aliyeanza vigelegele, mke wa Rwezaura mwenyewe, na hakuna aliyejua kama ni kwa furaha au kwa aibu iliyokosa pa kwenda. Wanawake wengine wakadakia. Mwami aliamuru makundi yatengane siku ile, Rwezaura arudishe maziwa ya masika yote kwa kumwachia Kobugabe yule mwekundu wa pili naye, na asitie tena mguu katika zizi la shemeji yake bila kuitwa. Yustus alifuta alichoandika asubuhi, akaandika upya, kisha akaenda kumwamkia Kobugabe kwa kupiga magoti na viatu vyake.

Bihogo alipofikishwa mbele yake, Kobugabe hakumgusa. Alisimama tu. Ng'ombe ndiye aliyesogea, akaweka pua begani mwake, akapumua.

"Nimechelewa kukuamini, Mama," Deodatha alisema njiani, wakiwa wamemtanguliza Bihogo na ndama wake.

"Ulichelewa. Lakini ulifukiza vyanzi vitano kama kimoja. Nisingepata njia bila hivyo." Mkono ukarudi begani. "Pumzi ngapi?"

"Sita."

"Nilihesabu sita."

Tangu hapo walikuja watu kutoka mbali, hata kutoka Omurushaka, na vyanzi vyao vimefunikwa kwa majani. Huyu aliuziwa ng'ombe mgonjwa, yule ana mchungaji anayeongeza maji, mwingine haelewi kwa nini siagi haishiki. Kobugabe aliwakalisha, akawauliza kwanza wamekasirikiana tangu lini, ndipo akaonja. Alisema maziwa ni rahisi, watu ndio wenye moshi mwingi. Muhangi alirudi mwaka wa 1953, akakuta zizi lina ng'ombe wengi kuliko aliowaacha na mke wake akijibizana na mama yake juu ya ladha ya Sina. Akakaa kando akasikiliza, mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Deodatha alijifunza polepole, kama mtu anayejifunza lugha ukubwani. Alianza kwa kuhisi tofauti bila kuweza kuitaja. Kisha akaanza kuitaja bila kuiamini. Mwaka wa 1956 alimkatalia Kobugabe mbele ya wageni, akasema haya si ya Gaju ni ya binti yake, na Kobugabe akaonja tena, hakubisha, akaomba wageni waletewe viti vizuri zaidi.

Kobugabe alidhoofika mwishoni mwa kiangazi cha 1958. Hakuwa na ugonjwa wenye jina. Padri alikuja, akampaka mafuta matakatifu. Rwezaura naye alikuja, amezeeka, akaomba kwanza ruhusa mlangoni, akaingia, wakazungumza habari za mvua. Siku iliyofuata, asubuhi, Muhangi alikuwa na mashaka juu ya ng'ombe mmoja kijana aliyezaa kwa mara ya kwanza, kama maziwa yake yanafaa kunywewa na watoto. Deodatha alichukua kyanzi, akaonja kidogo mlangoni, akaingia nacho ndani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, Muhangi anauliza kuhusu maziwa haya. Unaonaje?"

Kobugabe hakunyosha mkono kukipokea.

"Unaniuliza nini," alisema, "na wewe umeshaonja?"